Kanda Isiyochezwa Houston

Grand Prairie, mji ulio jirani na Dallas, nilikaa miaka mitatu, na kwangu mimi hiyo ni mingi. Nilitoka Malindi na cheti cha kidato cha nne, nikapitia miji minne ya Amerika, na kila mji niliacha godoro. Mguu wangu haukuwa ukitulia. Pale tulipanga nyumba Wakenya watatu. Wenzangu walifanya kazi za ghala, mimi nikapata kuendesha basi dogo la kliniki ya wenyeji wa asili, wale ambao wazee wao walikuwa na nchi hiyo kabla Wazungu hawajafika. Niliwachukua wagonjwa majumbani, Dallas na vitongoji vyake, nikawapeleka kupimwa sukari, nikawarudisha.

Mama yangu hakujua kuandika, kwa hiyo tulitumiana kanda. Nikamweleza kwenye kanda kwamba nafanya kazi kwa Wahindi wa huku, maana wazee wale wenyewe walijiita hivyo. Kanda ya majibu ikaja: "Umevuka bahari yote hiyo kwenda kuuza dukani kwa Mhindi? Si ungebaki Malindi, wako tele!" Niliwatafsiria wazee ndani ya basi, wakacheka njia nzima. Tangu siku hiyo, kila nikichelewa bibi mmoja alikuwa akisema, "Leo nitampigia mama yako simu."

Bibi huyo alikuwa na miaka sabini na kitu. Serikali ilimleta Dallas akiwa msichana, enzi zile walipokuwa wakihamishwa kutoka vijijini kwao kuja mjini kutafuta kazi. Aliishi na binti yake na mbwa mmoja mwizi.

Kwenye kliniki kulikuwa na mtafiti, mama mtu mzima, naye ni mwenyeji wa asili, aliyefundisha chuo kikuu na kuvaa buti za kiume. Watu wote walimwita Shangazi, nami nikamwita hivyo hivyo. Kazi yake ilikuwa kuwalea wanafunzi wa kabila lake na makabila jirani, wajue kutafiti afya za watu wao wenyewe badala ya kungoja wageni waje kuwatafiti. Mwaka huo alikuwa na mwanafunzi mmoja, msichana kutoka Oklahoma, mwepesi wa kusoma na mwepesi wa kukasirika.

Shangazi alikuwa na utaratibu wake. Miezi minne ya kwanza mwanafunzi hakuruhusiwa kushika daftari mbele ya wazee. Alibeba viti, alipika maharage, aliosha vyombo, alikaa nyuma ya basi langu na mikoba ya bibi mapajani.

"Nimekuja kusomea afya," alilalamika siku moja, mikono imejaa sabuni. "Nimekuwa mpishi."

"Nani kati yao haruhusiwi chumvi?" Shangazi akamuuliza.

Akawataja wote, mmoja mmoja.

"Basi unasoma," Shangazi akasema. "Sufuria lile bado lina masizi."

Mimi nilielewa haraka kuliko yeye. Kwetu huwezi kuingia nyumba ya mtu ukaanza na haja yako. Utaulizwa hali, utauliza hali, utaulizia mpaka mbuzi, na haja itakuja baada ya chai. Shangazi alikuwa akimfundisha kuuliza hali kwa miezi minne.

Daftari liliporuhusiwa, bibi wa mbwa ndiye aliyekubali kuwa wa kwanza kuzungumza. Alitia saini karatasi ya ruhusa, msichana akaweka kinasa sauti mezani. Walizungumza mchana mzima, nami niko pale pale jikoni kwa bibi nikingoja kumrudisha msichana. Swali lilikuwa moja: mtu mwenye afya ni mtu gani? Bibi alijibu kwa utulivu, kama dakika nne, kwamba daktari hupima damu lakini afya ni kuwa na mtu wa kugundua kuwa leo hujala. Halafu mbwa akaiba mkate. Bibi akamfukuza kwa matusi, akaanguka kitini akicheka mpaka akakohoa, na kinasa sauti kikameza yote.

"Hiyo sehemu ya mbwa nitaifuta," msichana aliniambia garini. "Ni kelele tu. Zile dakika nne, kaka, hizo zitanifikisha mbali."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Houston kulikuwa na mkutano wa watafiti, na mwanafunzi mmoja angechaguliwa apewe ufadhili wa kusoma mpaka shahada ya uzamivu. Bila huo, msichana angerudi kwao kufanya kazi ya mapokezi hospitalini, na hilo alilisema mara nyingi. Alipanga hotuba yake yote iegemee dakika zile nne.

Wiki mbili kabla ya mkutano, bibi akafa. Nilikwenda kumchukua asubuhi kama kawaida, binti yake akatoka kibarazani akanitikisia kichwa. Nilirudi kliniki na kiti kitupu.

Katika ukoo wa bibi, mtu akifa hatajwi jina na vitu vyake havishikwi kwa mwaka mmoja, mpaka familia ifanye karamu ya kumaliza msiba. Msichana alilijua hilo, kabila lao lilikuwa moja. Alichokuwa nacho mkononi ni karatasi.

"Alisaini," alimwambia Shangazi siku ya safari, basi likiwa limeshaingia barabara kuu ya kusini. Shangazi alikaa mbele pamoja nami, yeye nyuma, kinasa sauti mapajani. "Imeandikwa wazi. Matumizi ya kitaaluma."

"Ilisainiwa na mtu aliye hai."

"Kwa hiyo unanikataza?"

"Sijakukataza. Familia umewauliza?"

Nikaona kwenye kioo msichana anatazama malisho yanavyopita.

"Nitawaulizaje sasa? Wako msibani."

"Ndiyo maana nakuuliza," Shangazi akasema, akafumba macho. Alilala, au alijifanya kulala, mwendo wa saa nzima. Nilimwona mkatili. Neno moja lake lingemtua yule msichana mzigo, naye hakulitoa.

Tulisimama kutia mafuta. Shangazi aliingia ndani kununua kahawa, msichana akaja kusimama karibu na pampu.

"Kaka, wewe mama yako bado anakutumia kanda?"

"Alikufa mwaka juzi. Ninayo ya mwisho."

"Samahani. Inasema nini?"

"Paa linavuja. Jirani kaoza binti. Kuna jogoo anawika katikati."

"Ungekubali ichezwe ukumbini, watu wakaandika?"

Sikutaka kumjibu. Nilikuwa dereva, si mwalimu wake. Lakini aliuliza kama mtu anayeuliza njia, na mtu akikuuliza njia humfichi. "Mimi mwenyewe sijaisikiliza tena," nikasema. "Pengine ningekubali. Lakini ningetaka niulizwe."

Ukumbi ulikuwa hotelini, baridi kama friji. Niliruhusiwa kukaa nyuma. Zamu yake ilipofika alipanda na kinasa sauti, akakiweka mezani, na nilidhani ameamua kukicheza. Akazungumza juu ya miezi minne ya viti na maharage, na nani haruhusiwi chumvi. Kisha akasema hapa palikuwa na sauti ya mzee mmoja, mzee huyo ameondoka, na familia bado haijaulizwa, kwa hiyo hataicheza. Akasimama kimya muda ambao sauti ingechukua, dakika nne nzima. Watu walikohoa. Mmoja alitoka.

Mwamuzi akauliza, "Sasa ushahidi wako uko wapi?"

"Uko nyumbani kwao," akajibu.

Hakuchaguliwa. Alichaguliwa kijana mwenye picha nzuri za ukutani. Msichana alilia chooni, akatoka uso umeoshwa. Shangazi hakumsifu wala hakumpa pole. Tulipofika kwenye basi alifungua mlango wa nyuma, akaingia yeye.

"Kaa mbele," akamwambia.

Baada ya hapo mguu wangu ukawasha tena, nikahamia upande wa Houston, nikawa naendesha teksi na kulala chumba cha nyuma kwa binamu yangu kule Katy. Msichana alirudi kwao kwenye ile kazi ya mapokezi. Mwaka ulipotimia akanipigia simu: familia ya bibi inafanya karamu, wanahitaji mtu wa kubeba viti. Niliendesha saa nne na zaidi. Yeye nilimkuta jikoni, anasugua sufuria.

Baada ya kula, binti wa bibi aliomba kanda. Tuliisikiliza sote sebuleni, mbwa naye kalala mlangoni, kazeeka. Zile dakika nne zilipopita hakuna aliyetikisika. Ilipofika kwenye mkate, sehemu ambayo msichana hakuifuta, nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko, binti mtu akacheka huku anafuta machozi kwa kanga ya jikoni niliyompa zamani.

Msichana alikuwa tayari na ombi lake. Hakuwahi kulitoa.

"Yale maneno yake ya mwanzo tuachie sisi," binti alisema. "Hayo alikuwa anatuambia sisi. Wewe chukua hii ya mbwa."

"Ya mbwa?"

"Ndiyo afya yake hiyo. Hukusikia?"

Msichana akamtazama Shangazi. Shangazi alikuwa anakunja viti.

Maombi yake ya ufadhili ya mwaka huo aliyaandika juu ya kicheko kile, akayapeleka mkutano mwingine, akakubaliwa. Leo naye ana wanafunzi wake, na nasikia huwaanzisha kwenye maharage. Mimi nimehama mara tano tangu wakati ule. Kanda ya mama iko ndani ya soksi, kwenye sanduku. Mwaka jana nilimpigia dada yangu Malindi kumuuliza kama naweza kuicheza watoto wangu waisikie. Akasema niicheze, ila ile ya jirani kuoza binti niruke, maana binti mwenyewe bado anakaa pale jirani, na hajaulizwa.