Nasimiyu na Divai ya Akina Horiuchi

Nasimiyu Wekhuyo alifika Doha mwaka 2008 akitokea Kimilili, na cheti cha huduma za hoteli kutoka chuo cha ufundi. Alianza kazi katika chumba cha kufulia mashuka. Baada ya miaka michache alikabidhiwa vinywaji vya mgahawa wa Kijapani katika hoteli tuliyofanyia kazi, na hapo ndipo mimi, niliyekuwa mhudumu wa meza, nilipomfahamu. Tuliishi chumba kimoja katika nyumba za wafanyakazi kule Al Thumama. Hata Ijumaa, siku ya mapumziko huko, tukitoka misa, alipitia kazini kwanza ili aone kama stoo baridi haijazimika.

Alichokihofia zaidi ni divai ya akina Horiuchi. Familia hiyo ililima mizabibu kwenye mteremko wa mlima huko Nagano, Japani: baba, mama na binti yao Sayaka. Shamba lao halikuwahi kunyunyiziwa dawa. Zabibu zilichachuka zenyewe bila hamira ya dukani, na chupani hakikutiwa kitu chochote cha kuihifadhi divai. Kwa hiyo haikustahimili joto. Mzigo ulipoletwa mwezi wa Agosti, Nasimiyu alisimama nje penye jua, asimruhusu dereva kuweka katoni hata moja chini. Haikuchujwa pia, mashapo yake yalitulia chini ya chupa, na ikitikiswa iligeuka ukungu.

Wesley, mhudumu mwenzetu kutoka Kericho, alimtania kwa ajili ya ukungu huo kila jioni.

"Auntie, leo meza ya dirishani unawapelekea uji wa wimbi au wa mtama?"

"Mwenye hamu ya soda akanywe soda," Nasimiyu alimjibu, bila kumtazama.

Mwishoni mwa mwaka 2013 Mzee Horiuchi alifariki. Mwaka mmoja baadaye Sayaka alimpigia simu Douglas, msimamizi wetu, Mganda mpole aliyezipenda taratibu. Alieleza kwamba divai ya mavuno ya mwisho ya baba yake ilikuwa imeuzwa yote, na nyumbani haikubaki hata chupa moja. Mama yake alikuwa amelazwa hospitalini wakati divai hiyo ilipotiwa chupani, hivyo hakuwahi kuionja. Sayaka alikuwa amesikia kwamba kwetu zimesalia mbili. Aliomba zisiuzwe, angemleta mama yake azinywe hapo hapo.

Douglas alimkabidhi Nasimiyu jambo hilo lote. Nasimiyu alizihamishia chupa hizo kwenye rafu ya ndani kabisa, akafunga kitambaa cheupe shingoni mwa kila moja ili mtu mwingine asiziguse.

Siku ya wageni ilipofika, alizitoa mchana na kuzisimamisha mezani. Alizitazama kwa muda mrefu. Mama yake Nasimiyu alikuwa mpishi wa busaa, pombe ya nafaka ya kwao, na katika nyumba yake ilikuwepo desturi isiyovunjwa: pombe ya msibani ilichujwa mara mbili kabla ya kupewa mjane. Kumpa mfiwa kikombe chenye machicha kulikuwa sawa na kumwambia kwamba, mumewe akiwa hayupo, nyumba yake haina tena heshima. Nasimiyu alikua akishika kitambaa cha kuchujia upande mmoja, mama yake akishika upande wa pili.

Alichukua vitambaa viwili safi vya pamba, akazichuja chupa zote mbili polepole. Divai ilishuka katika majagi ya kioo ikiwa nyangavu kama kaharabu. Kitambaa cha kwanza alikisuuza kwenye sinki. Cha pili alikiacha ndani ya bakuli, kwa kuwa wageni walikuwa wamekwisha kufika.

Mjane alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, amevaa nguo nyeusi. Sayaka aliliona jagi kabla halijainamishwa juu ya glasi.

"Umeichuja?"

"Nimeichuja, madam. Zote mbili."

"Nani alikuagiza?"

"Hakuna aliyeniagiza. Kwetu mjane hapewi machicha."

Douglas alianza kuomba radhi, lakini Sayaka alimzuia kwa mkono. Alisema kwa sauti ya chini kwamba baba yake aliwapoteza wanunuzi wengi kwa kukataa kuichuja divai yake, na kwamba katika mashapo hayo ndimo alimoliweka shamba lake. Kisha akamfasiria mama yake kila kitu, pamoja na habari ya machicha. Mama alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja.

"Anataka kujua umeyatupa wapi," Sayaka alisema.

Nasimiyu alijibu kwamba ya chupa ya kwanza yalikwenda na maji. Ya pili yalikuwa bado kitambaani. Alikwenda kuleta bakuli, akaliweka mezani.

Mjane alikunjua kitambaa mwenyewe. Kwa kijiko kidogo alikwangua kilichokuwepo, akakitia katika glasi moja, akaomba amiminiwe divai juu yake. Ikageuka ukungu. Alikunywa kidogo kidogo, macho ameyafumba, na Wesley, aliyekuwa akipita na sinia, alisimama mahali alipokuwa. Glasi ilipokwisha, mama alisema maneno machache. Sayaka alichelewa kuyafasiri.

"Anasema ni mizabibu ya upande wa juu. Baba aliipanda mwaka niliozaliwa."

Mashapo yalitosha glasi hiyo moja tu. Mama aliagiza divai iliyobaki tugawiwe sisi wafanyakazi, akainuka, akamwinamia Nasimiyu kwa heshima. Nasimiyu aliinama chini zaidi, akakawia kunyanyuka.

Wiki iliyofuata Douglas alimhamishia kwenye huduma ya kifungua kinywa. Nasimiyu hakubisha. Chumbani nilimwambia kwamba mjane alionja alichokuja kukionja, na kwamba alikuwa amemsamehe.

"Alikunywa glasi moja," alisema. "Nilipewa chupa mbili nimtunzie."

Akageukia ukutani.