Aparei Isiyo ya Ukoo

Matanga ya Jean-Baptiste hayajaisha, mdogo wake, Zagabe, aliingia chumbani kwa marehemu, akaitoa aparei ya picha chini ya kitanda, akaivaa shingoni. Wazee wa ukoo walikuwa sebuleni, hakuna aliyemzuia.

"Hiki chombo ni cha ukoo," alisema. "Mwanamuke atakifanya nini? Atapiga sombe picha jikoni?"

Wakacheka. Domitille, mjane mwenyewe, alikuwa chini kwenye mkeka, na mfiwa hagombani mbele ya wageni. Tangu hapo, hata mtu akimsalimia vizuri, alijiuliza anataka nini.

Miaka yote ya ndoa yao, mume alipiga picha za komunyo ya kwanza mlangoni mwa kanisa, akakimbia kuzichapisha mjini, naye Domitille akazitandaza juu ya kitenge kando ya ukuta wa kanisa, akiwaita wazazi waje wajichagulie. Shule hakuiona, lakini sura aliyoiona asubuhi hakuisahau mchana. Sasa komunyo zilikuwa zinakaribia, na Zagabe alikuwa amekwisha kutangaza kwamba ukuta ule ni wake. Domitille akauza mashine yake ya kushonea ili anunue aparei. Akidanganywa safari hii, hakuwa na kitu kingine cha kuuza.

Alianzia mtaa wa Nyawera, kwenye duka la kijana anayeitwa Stanislas. Kijana alimwekea juu ya meza aparei nyeusi inayong'aa, yenye objektifu, lile jicho la mbele, ndefu kama mchi.

"Maman, hii iko ya mupya kabisa. Imetoka Bulaya, hakuna mutu ameigusa. Na hii objektifu, unapiga mutu wa ng'ambo ya ziwa unamuona meno!"

"Mimi ninapiga watoto mulangoni mwa kanisa," alisema Domitille. "Wa ng'ambo ya ziwa nitamuuzia wapi picha?"

Akaomba iwashwe. Akabonyeza kitufe alichokuwa akimwona mumewe akibonyeza ili kuangalia picha zilizopigwa. Kwenye kioo akatokea bibi-harusi, kisha bwana-harusi, kisha wote wawili wakikata gato, keki yao ya harusi.

"Hii mupya imekwisha kwenda harusi?"

"Aah, ile ni ya kujaribia tu, maman."

"Mulijaribia na gato?"

Stanislas akaanza kuapa kwa jina la mama yake. Domitille alikuwa amekwisha kutoka. Anayeapa badala ya kujibu, alijisemea, jibu analijua.

Jirani mmoja akamwelekeza kwa Olive, mpiga picha wa huko Nguba, aliyekuwa akiuza aparei yake ya zamani baada ya kupata ndogo zaidi. Olive alimpokea barazani. Aparei ilikuwa imechubuka pembeni, na mkanda wake umepauka.

"Maman, nisikufiche," alisema Olive. "Flashi yake imekufa. Na imefanya kazi sana, siku moja itachoka. Lakini kwa mwenye kuanza iko muzuri: objektifu ni fupi, inashika familia nzima. Na batteri ziko mbili."

Domitille akazidi kumwogopa. Anayekuonyesha kidonda cha mguu, huenda anaficha cha mgongo.

"Kama iko muzuri, unaiachia nini?"

"Mgongo wangu, maman. Iko nzito. Chukua, ujaribu mwenyewe. Weka jicho kwenye katundu, funga lingine."

"Nifunge jicho, na wewe uko hapa?"

Olive akacheka hadi akashika ukuta. "Sasa nifanye nini?"

"Kaa kwenye kiti. Mikono juu ya magoti, niione."

Olive akakaa kama mtoto wa katekisimu. Domitille akabonyeza, aparei ikalia *tak*, na picha ikatoka imevurugika yote.

"Umeona! Imekufa!"

"Ni wewe ulitikisika! Kandamiza polepole, maman, hauchinji kuku."

Ya pili ikatoka safi, hata mshono wa blauzi ya Olive ulionekana. Domitille aliitazama kwa muda mrefu akiitafutia kosa. Hakulipata, na hilo nalo halikumpendeza. Akafungua fundo la kitenge.

"Kwanza ita mutu aone."

Olive akamwita jirani yake, Maman Constance, aliyekuja na unga mikononi. Domitille akamkabidhi Olive pesa, kisha akarudi nyuma hatua chache na kuinua aparei.

"Simameni pamoja. Olive, pesa zionekane. Maman Constance, unaona ni nani ananunua?"

"Ni wewe, maman."

"Si shemeji. Si ukoo."

"Ni wewe!"

"Yesu wangu," alisema Olive, noti zikiwa kifuani, "hata polisi haijanipiga picha namna hii."

"Usisogee," alisema Domitille, akafunga jicho moja.