Bi Zuwena kwenye rangi mbichi

Wenzangu, mwalimu wetu Bi Zuwena amekanyaga rangi mbichi kwetu leo, na kosa ni langu.

Baba alimaliza kupaka rangi nyekundu sakafu ya saruji ya banda la gari, akaenda kuosha brashi. Mimi niliwekwa mlangoni, asiingie mtu.

Mama akaniita. Nikaitika "Naam," nikaondoka. Dakika mbili tu!

Niliporudi, Bi Zuwena yuko katikati ya banda, miguu mitupu. Aliona sakafu inang'ara, akaona haya kuikanyaga na viatu, akavivua mlangoni.

Na mimi ndiye niliyemwomba aje amsihi baba aniruhusu kwenda chuo cha ualimu.

Baba akatokea.

"Usisogee, Bi Zuwena! Nakuletea ubao."

"Basi kwa kuwa siwezi kukimbia," akasema mwalimu, "nisikilize. Mwanao ana akili. Mwache asome ualimu."

Baba akalaza ubao, mwalimu akatoka, mama akamfuta nyayo kwa mafuta ya taa.

Sasa baba anapaka upya. Hajajibu. Ila ameniuliza, bila kuinua kichwa: "Huko chuoni, wasichana wanalala wapi?"

Niambieni, anayekataa huuliza hivyo?