Hema Chini ya Nyumba ya Mama Mkubwa

Nilikuwa nimechoka, nilitaka kulala. Naomba hilo lieleweke kwanza, maana kijiji kizima cha Mlali kilikataa kulielewa.

Baada ya muhula mzima wa kufundisha na kusahihisha Morogoro mjini, mwalimu mwenzangu wa kike alileta hema lake, tukaenda kupiga kambi siku mbili kando ya kijito, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yangu. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo sikuhitaji ruhusa ya mtu. Nyumba ya mama mkubwa, dada yake marehemu mama, iko pale juu, unaiona. Nilipita, nikampa shikamoo, nikamwachia sukari na sabuni, nikashuka kijitoni. Nilidhani adabu nimeimaliza.

Hema halijasimama sawasawa, wakaanza. Jirani wa kwanza aliuliza kama nyumba yangu ya mjini imeungua. Wa pili akamvuta mwenzangu pembeni, akamuuliza kwa huruma kama mume wangu amenifukuza. Kisha akaja mjomba, na mjomba hakuja kutania.

"Mwanangu, mama yako mkubwa amekukosea nini?"

"Shikamoo, mjomba. Hajanikosea kitu. Tumekuja kupumzika."

"Marahaba. Unapumzika kwa kulala chini, na kwenu kuna kitanda? Ng'oa hema, tukae kikao."

Nilichemka. Wazungu wanapiga kambi kwenye milima hii hii, watu wanawabebea mizigo na kuwaonyesha njia, wala hakuna anayewauliza wamegombana na nani! Mimi mwenye kwetu ndiye niitiwe kikao? Nikamwambia wazi kwamba sitoki. Nikalala kwa hasira, lakini nililala vizuri. Asubuhi tulichemsha chai kwenye mafiga matatu, miguu tumeitia majini, na kwa saa nzima hakuna aliyetuuliza kitu.

Siku ya kuondoka nilipanda kumuaga mama mkubwa. Maneno nilikuwa nimeyapanga: mtu mzima ana haki ya kupumzika apendavyo, na umbea umenichosha. Hakunipa nafasi. Alinipokea kwa upole, akanituma chumbani kwake nikachukue ndizi alizoniwekea.

Kitandani palikuwa na shuka mpya, bado ina mikunjo ya dukani, na mito miwili. Chandarua kimeshushwa. Sakafuni palikuwa na mkeka, na juu yake kanga anayojifunika. Kwetu mgeni huachiwa kitanda cha mwenyeji. Nimelijua hilo tangu utotoni, na nilikuwa nimelisahau kama mjinga. Siku zote mbili mama mkubwa, na magoti yake yale mabovu, alilala chini akitungoja.

Nilitoka na ndizi mkononi, hasira imenipanda mpaka machozi yakanitoka.

"Mama mkubwa, kwa nini hukuniita?" nikafoka.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu.

"Mtu huitwa kwao?"