Kuingia Kidogo Tu

Binti yangu alijifungua Uingereza, nami niko Bomet msimu ambao majani ya chai hayangoji mtu. Mume wake hufanya kazi usiku na kulala mchana. Kwetu mzazi haachwi peke yake. Wanawake wa kijiji huingia kwa mlango wa jikoni, mmoja anabandika uji, mwingine anafua, mwingine anabeba mtoto, na hakuna anayeondoka kabla ya chai. Yeye alikuwa na kuta tu. Niliogopa, na woga huo haukuniacha nitulie.

Siku moja akanipigia kwa furaha. Jirani yake, mama mzungu wa makamo, amesema ata-pop in.

"Ni nini hiyo?"

"Ni kuingia tu kutuona, Mum."

Basi akaamka na mshono wake wa kujifungua, akapika ugali, kuku na chai ya maziwa, akangoja. Jirani alisimama mlangoni na koti lake, akamchungulia mtoto, akakataa hata kuketi, akaenda. Binti yangu alilia kwenye simu. Alidhani amemkosea.

Nilikasirika. Nikaenda kuchuna chai, nikachanganya majani magumu na machanga, na karani wa kituo cha kupokea chai akaimwaga yote chini niichambue upya. Mtu gani anaona mzazi na kutoka bila kugusa hata sufuria?

Mkwe wangu ndiye aliyenieleza. "Mum, huku kwao ni kuingia kidogo, usisumbue mwenye nyumba. Mtu ana-pop dukani, ana-pop kwa dada yake. Ukimpikia, anaona ni yeye amekukosea."

Sikuridhika. Nikawa nachuna mstari nusu, nauacha, napanda mlimani kutafuta netiweki.

Kisha simu ikalia. "Mum, ame-pop in tena. Mtoto alikuwa analia, akanichukulia. Nimelala, ndio naamka saa hii. Bado amembeba. Na vyombo ameosha."

"Amekunywa chai?"

"Amejichemshia mwenyewe."

Nikaketi pale pale katikati ya michai. Nilifurahi, na nikaona wivu. Yeye anavuka ua tu, yuko ndani. Mimi ningepewa hata ile ya kwanza, ya kusimama mlangoni na koti, nimchungulie mjukuu wangu niende zangu, ningeshukuru.