Sikiru Anayeita Majina

Miaka tisa nimekaa mapokezi ya Redio Gbohunmi hapa Abeokuta, na kila asubuhi ya miaka hiyo nimemsikia Sikiru Akanbi akiisomea kompyuta majina. Hafanyi kwa siri. Anasimama mbele ya mashine ya kuhifadhia vipindi, kofia imelalia sikio, akara yake, kitumbua cha kunde, mkononi, anabonyeza swichi. Maandishi yakianza kupanda kwenye skrini, anayasoma kwa sauti kama mwalimu wa zamu.

"Kibodi! Yupo. Kadi ya sauti! Yupo. Kadi ya mtandao! We, mbona kila siku wa mwisho? Haya, yupo."

Wa kwanza kumcheka nilikuwa mimi, na sikuwahi kuchoka.

"Mwalimu, leo kuna mtoro?"

"Hakuna, dada Kehinde. Wamekuja wote, tena wameoga."

Mama yake anatia nila vitambaa pale sokoni Itoku na alitaka mwanawe awe wakili. Mwanawe akaenda politekniki, akafukuzwa mwaka wa pili kwa kuifungua kompyuta ya mkuu wa idara bila ruhusa, eti aone tu ndani kukoje. Aliirudishia vizuri, ikawa inafanya kazi kuliko mwanzo, na nadhani hilo ndilo lililomuudhi zaidi yule bwana. Kwetu hapa alikuja na bisibisi mbili na barua ya mjomba. Hana gari, hana mke, ana maneno.

Siku moja nilimuuliza, "Kwani usipoisomea haiwaki?"

"Inawaka, dada. Lakini hebu ukae ufikirie. Kiini cha mfumo kikiamka asubuhi hakijui kitu. Hakijui kama kina skrini wala kibodi, kimeamka tu kama mtu aliyelala ugenini. Basi kinagonga mlango mmoja mmoja. Hodi, kuna mtu humu? Wewe nani, kazi yako nini? Anayeitika anapewa namba, anapewa na mkalimani wake, maana kila kifaa kina lugha yake, na anaonyeshwa kengele ya kupiga akiwa na shida. Asiyeitika anasubiriwa kidogo, halafu anarukwa."

"Na wewe unasikiliza ya nini? Umealikwa?"

"Nasikiliza nijue nani kapewa namba ya nani."

Nikamwambia aoe. Mtu mwenye mke hana muda wa kusikiliza mabati yakijitambulisha.

Sasa, ndani ya ile mashine mna diski mbili za vipindi, zilizonunuliwa siku moja, sura moja. Sikiru alizibandika karatasi zenye majina ambayo sisi Wayoruba huwapa pacha: Taiwo na Kehinde. Diski inayoitika mwanzo, yaani ile ya soketi ya kwanza, inakuwa namba moja, nyingine inakuwa namba mbili, na mashine ikishawaka kuna programu inayoifanya namba mbili iwe sawasawa na namba moja. Kilichoko kwa namba moja kinaongezwa kwa namba mbili. Kisichoko kwa namba moja kinafutwa kwa namba mbili. Ndiyo hivyo tu, kila asubuhi, ili moja ikifa nyingine ibaki na vyote.

Na humo ndani alikuwemo baba yangu. Baba, mzee Ogundiran, alikuwa mghani wa ijala, nyimbo za wawindaji, na alikuja kurekodi hapa siku arobaini kabla hajafa. Kaseti za nyumbani zote ziliharibika paa lilipovuja. Imebaki rekodi hiyo moja tu ya hapa redioni, dakika ishirini na sita. Mwishoni anawaita wanawe pacha. Anamwita Taiwo, halafu ananiita mimi, halafu ananyamaza kidogo, kama anangoja. Siku hiyo nilikuwa hapa mapokezi nabishana na mtu kwenye simu kuhusu tangazo la mbolea. Sijawahi kujisamehe, na sitaki kuambiwa nijisamehe.

Jumatatu ya harmatani, ule upepo mkavu wa jangwani, vumbi hadi kwenye meno, diski iliyoitwa Kehinde ikafa. Sikiru akaagiza mpya Lagos, ikafika Ijumaa, tupu kabisa na kubwa mara mbili ya ile ya zamani. Akaibandika jina lile lile. Akaifungua mashine, akazichomeka zote mbili, na kabla hajaiwasha kukaadhiniwa. Akaenda msikitini.

Huku nyuma Oga Adegbenro, mkurugenzi wetu, akanijia mbio. "Kehinde! Wageni wanakuja, na humu kuna vumbi la kupandia mihogo! Futa kila kitu!"

Nikafuta kila kitu. Mashine niliikuta wazi, imejaa vumbi, nikachomoa zile diski, nikazipangusa kwa kanga safi, nikazirudisha. Soketi zilikuwa na namba: moja, mbili. Sikujiuliza mara mbili. Mimi ni Kehinde. Pacha wangu Taiwo, anayeuza vipuri Ilorin, alitoka tumboni mwanzo kwa sababu mimi nilimtuma akaionje dunia kama inafaa. Mkubwa hatangulii, mkubwa anatuma. Mtoto yeyote wa hapa anajua hilo kabla hajajua kujifuta pua. Kwa hiyo Kehinde nikamweka namba moja, Taiwo namba mbili, nikafunga mfuniko na kujisifu.

Sikiru akarudi na akara mkononi, akakuta pametakata, akanishukuru. Akabonyeza swichi. Mimi niko mlangoni na kitambaa changu.

"Kibodi! Yupo. Kadi ya sauti! Yupo. Diski ya kwanza! Yu..."

Akara ikaanguka.

"Wewe nani?" akaiuliza skrini. "Ukubwa huu wewe ni nani?"

Nilitaka kucheka. Mistari ikapanda mingine, ikaanza kutaja vitu vinavyofutwa, na Sikiru akaruka juu ya kiti, akang'oa waya ukutani na plagi yake na kipande cha plasta. Giza kwenye skrini.

"Nani kagusa diski?"

Nilijua hapo hapo. "Sijui," nikasema. Halafu nikasema, "Mimi."

"Kehinde umemweka wapi?"

"Namba moja. Si ndiye mkubwa?"

"Dada!"

"Si ndiye mkubwa, Sikiru? Wewe Myoruba gani?"

"Mkubwa kwa mama yake! Mashine haina ukoo! Mashine inamjua aliyeitika mwanzo! Mimi nimemwita Taiwo Taiwo kwa sababu ndiye anayetangulia kutoka! Sasa kile kitupu ndicho namba moja, na kinamfundisha mwenzake kuwa mtupu!"

Nikakaa chini sakafuni, kwenye vumbi ambalo eti nilikuwa nimelimaliza. "Baba," nikasema. Sikiru aliacha kupiga kelele. Anajua kuhusu Baba; ofisi nzima inajua.

Akachomoa ile mpya, akaitupa mezani. Akamrudisha Taiwo mahali pake, peke yake, akaizima ile programu ya kunakili, akawasha tena. Safari hii nilisimama naye nikasoma kila mstari, hata nisiouelewa. Ilipofika kwenye diski nikasema mimi, "Yupo?"

"Yupo," akasema. "Tuone amebaki na nini."

Programu ile hufuta kwa kufuata herufi. Ilikuwa imeanza na A. Ilifuta faili zote za Adegbenro: hotuba za Oga, salamu za Oga za mwaka mpya miaka kumi na miwili, Oga akizindua choo cha soko. Ikafika hapo ikakatwa. Tuliangaliana.

"Tumwambie?" akauliza Sikiru.

"Akiuliza."

Hadi leo hajauliza, wala msikilizaji hata mmoja hajauliza.

Ogundiran alikuwepo, dakika ishirini na sita. Sikiru akaokota akara yake, akaipuliza vumbi, akabofya bila kuniuliza. Tukasikiliza yote, simu ya mapokezi ikilia huko nje peke yake. Mwishoni sauti ya Baba ikamwita Taiwo. Ikaniita mimi. Ikanyamaza, ikangoja.

"Naam, Baba," nikaitika kwa sauti, bila aibu, machozi yananitoka.

Sikiru, mdomo umejaa, wala hakunigeukia.

"Yupo," akasema.