Makaa Mkononi mwa Mama

Harufu ya pilau inayokaribia kuiva, makaa yakiwa yamepaliwa juu ya kifuniko, hunirudisha uani kwetu Kamembe, miaka michache baada ya uhuru. Siipendi harufu hiyo, niseme ukweli. Kila harusi ya Waislamu wa mtaani mama aliitwa kupika, na kilichowavuta watu si upishi tu: makaa aliyapanga juu ya kifuniko kwa vidole vitupu. Wanawake walimsifu kwamba ana mikono ya chuma, na mimi, binti yake wa pekee, nikavimba kichwa kumshinda mwenyewe.

Msimu mmoja wa mvua harusi zilifuatana, nami nilikuwa na miaka tisa. Wasichana wenzangu wakanibishia kuwa mama huyagusa makaa upesi upesi tu, ndiyo maana haungui. Nikamwendea mbele yao. "Mama, shika moja, baone." Akacheka, akaokota kaa jekundu, akalifumba kiganjani huku sisi tukihesabu kwa sauti. Tulifika kumi na saba harufu ya nyama ikatujia, na nyama yote ilikuwa sufuriani. Mama alikuwa bado anacheka.

Kidonda kilipogoma kupona, tulikwenda zahanati. Muuguzi, kijana mpole, aliona baka hafifu kwenye mkono wa mama, akamwomba afumbe macho na aseme kila atakapochomwa sindano. Niliiona sindano ikiingia kidole hiki, kisha hiki, damu ikitoka. Mama alisubiri kwa adabu, halafu akasema, "Anza basi, mwanangu."

Muuguzi alinieleza baadaye kwamba ngozini mna mishipa ya fahamu, ambayo hupeleka habari ya moto hadi uti wa mgongo, mkono ukaruka kabla ubongo haujapata habari. Maumivu huja nyuma. Mishipa ya mama ilikuwa imeuawa na ukoma. Dawa ziliuzuia ugonjwa, lakini vidole vitatu havikupona. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, wanasema. Mama hakuijua hata yake. Alinibembeleza kwamba hakusikia uchungu wowote, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Siku hizi napika mimi, yeye ameketi kwenye kigoda. Juzi kifuniko kiliniunguza, nikaruka, nikawa napuliza kidole huku machozi yakinilenga. Mama akanitazama muda mrefu.

"Inauma sana?"

"Sana, Mama."

Akasogeza kigoda karibu nami. "Niambie vile inauma," akasema.